Jiwe la Mama Clotilda

Ndugu Mgeni Rasmi, Afisa Elimu wa Wilaya, Ndugu Marcelino. Ndugu Mwenyekiti wa Tawi, mzee wetu na mtani wangu, Ndugu Elisaria. Ndugu wajumbe wa nyumba kumi mliokaa mbele. Walimu wa shule ya msingi mliokuja, na mliotuma udhuru. Bibi Badriya, mwenye ua huu, ambaye kwa haki angetajwa wa kwanza ila itifaki haimjui. Wazazi na majirani. Wenye maduka mliofunga mapema leo, na nyie mliofunga nusu mkaacha mtu mlangoni. Na watoto wa Darasa la Maswali, mliotulia mkekani kwa namna inayonitia wasiwasi: wakubwa wote shikamooni, wenzangu hamjambo, na nyie wadogo shikamoo zenu nimezipokea, marahaba.

Ndugu Mgeni Rasmi, hapo mezani, karibu na soda yako, kuna jiwe. Nimeona unalisogeza. Naomba uliache hapohapo. Siyo la kuzuia karatasi zisipeperuke, wala hatukukuwekea ili ujihami nami nikizidisha maneno. Nitalifikia. Mtu yeyote asilitoe.

Mimi naitwa Severa. Ninauza sufuria, birika na vikombe kwenye duka la mjomba wangu, Mtaa wa Sikukuu, na ninapanga chumba humu kwa Bibi Badriya. La saba nilimaliza, sikuchaguliwa, na sitaki mtu anionee huruma kwa hilo, maana tulikuwa wengi na dunia haikusimama. Kiingereza changu nimekiokota. Vikombe vikija kwenye makasha, kila kimoja kimevishwa kipande cha gazeti la huko kilikotoka. Wenzangu dukani walikuwa wanatoa vikombe, mimi natoa magazeti. Ndiyo maana hata leo najua mambo nusunusu: mwanzo wa habari nyingi ninao, mwisho wake ulifungia kikombe kingine.

Sasa siku moja alikuja mama mmoja Mdenishi, mwalimu wa chuo, kununua birika. Akanikuta nimeinamia kipande cha gazeti, birika lake nimelisahau. Akacheka. Akarudi siku nyingine, akarudi tena, na alipokuwa anafunga mizigo kurudi kwao aliniachia kitabu. Hiki hapa, gamba limeshatoka. Ni kitabu cha kufundisha watoto falsafa.

Falsafa! Mimi nilikuwa najua falsafa iko Mlimani, Chuo Kikuu, ina miwani, ina ndevu, na haipandi basi la UDA. Kumbe kuna watu wameandika kitabu kizima kusema mtoto wa miaka tisa anaiweza! Nilikisoma dukani nimesimama, na kamusi ya kuazima, neno kwa neno, mpaka mjomba akagundua nimemuuzia mama wa watu sufuria ndogo na mfuniko wa sufuria ya harusi. Mjomba yule pale. Mjomba, yule mama alirudi, tulimbadilishia, tuyaache hayo.

Nikakusanya watoto humu uani jioni. Nikatandika mkeka. Kitabu kinasema watoto wakae duara, nikawakalisha duara. Kinasema wasizidi kumi na watano, hapo tukaanza kugombana, mimi na kitabu, maana walikuja wa ua huu, wa ua wa pili, na waliokuwa wanapita kwenda kuchota maji na ndoo zao. Nikasema potelea mbali, nikaanza kisa cha kwanza. Kisa chenyewe: mtoto amelala peke yake chumbani kwake, anatazama dari, anajiuliza, nitajuaje kwamba hii yote siyo ndoto?

Azzan, mjukuu wa Bibi Badriya, akanyoosha kidole. "Peke yake?"

Nikasema ndiyo, peke yake.

"Chumba kizima?"

"Kizima."

"Anaumwa nini?"

Kabla sijajibu Ramadhan akadakia: "Tetekuwanga huyo. Ukiwa na tetekuwanga wanakutenga." Na Angelina, kwa sauti ya msibani kabisa: "Au ndugu zake wamekufa."

Ndugu zangu, swali la ndoto lilikufia pale. Jioni nzima tulimpa pole mtoto wa Kizungu. Watoto walitaka kujua kama kuna mtu anampelekea uji.

Mnacheka. Mimi sikucheka, nililala na hasira. Nikajiambia, Severa, kitabu hakina kosa, watoto hawana kosa, ila kitabu kimetoka kwenye nyumba yenye vyumba vingi kuliko watu, kimeingia kwenye nyumba yenye watu wengi kuliko vyumba. Nguo ya mtu mwingine huivai hivihivi, unaipeleka kwa fundi. Na fundi ndiyo mimi, sindano sijawahi kushika!

Jaribio la pili lilikuwa baya zaidi. Kitabu kinasema: mwalimu aseme jambo la uongo, watoto watampinga. Nikasema, "Chumvi ni tamu kama sukari." Wakaitika wote, "Ndiyooo, mwalimuuu!" Nikasema, "Pantoni ya Magogoni inaenda mpaka Moshi." "Ndiyooo, mwalimuuu!" Nikasema, "Mimi ni ng'ombe." Wakatazamana, wakaona adabu ni adabu: "Ndiyooo, mwalimuuu!"

Nikakaa chini nikalia. Bibi Badriya alikuwa pale, kwenye kibaraza cha jiko, anapepeta mchele. Akasema: "Wewe binti, unawalilia nini? Wamelelewa hao. Ulitaka wakuambie mwongo, wakapigwe kwao?" Halafu akapaza sauti: "Azzan! Mume wangu! Njoo uwaambie wenzio, mkeo mimi bado mwari, au siyo mwari?"

Azzan, bila kufikiri, akamjibu: "Mwari gani ana meno mawili?"

Ua mzima ukavunjika mbavu. Bibi naye anacheka, na yale meno yenyewe yanaonekana. Mimi nikasimama kama nimekanyaga moto. Jamani, mmesikia alichofanya? Mtoto amempinga mkubwa kuliko wakubwa wote wa ua huu, amempinga mbele za watu, na hakumpinga kwa kelele, ametoa ushahidi! Meno mawili! Na hakuna adabu iliyovunjika, kwa sababu bibi na mjukuu ni watani, tangu enzi za mababu zetu ruhusa hiyo ipo. Sasa mimi nilikuwa nakitafuta kitabuni kitu ambacho kiko jikoni kinapepeta mchele.

Tangu siku ile darasani mimi nikawa bibi yao. Nikijifunga khanga kichwani, kama hivi nilivyo leo, mimi ni bibi, nipingeni, nitanieni, niambieni mwongo, mradi mtoe ushahidi. Nikiivua, ni dada Severa, na shikamoo iko palepale. Wazazi, mnajua wenyewe: je, kuna mtoto wa darasa hili aliyeacha kuwaamkia asubuhi? Hayupo. Kama yupo anyooshe mkono mzazi wake. Haya, mkono mmoja naouona ni wa mama Ramadhan, na huyo hata kabla ya darasa alikuwa anajua kulalamika.

Kulikuwa na tatizo lingine. Mtoto akishindwa hoja anaona aibu, na aibu ikitoka nje ya ua inakuwa ngumi. Kitabu kinasema mtoto akibadili mawazo apongezwe. Apongezwe vipi? Tumpigie makofi ameshindwa? Ramadhan ndiye aliyelitatua, na naomba jina lake liandikwe mahali. Alikuwa anabishana na Angelina, akabanwa, machozi yanamlenga. Halafu ghafla akasema, "Haya bwana. Nakupa mji."

Kama kwenye vitendawili! Ukishindwa kutegua unatoa mji. Angelina akauliza, "Mji gani?"

"Buguruni."

"Na soko lake?"

"Na soko lake."

Angelina akaupokea, akakaa vizuri kama mkuu wa wilaya, na Ramadhan akacheka, na ngumi haikupigwa. Ndiyo sheria yetu mpaka leo. Humu kwetu anayebadili mawazo hajashindwa, ametoa mji, na mtu anayetoa miji ni tajiri. Ila kitendawili kina jibu moja, mwenye nalo anakungoja ulikosee, na sisi maswali yetu hakuna anayelijua jibu mapema, hata bibi. Kwa hiyo tuliuchukua mji, jibu la mfukoni tukaliacha.

Ndugu Mgeni Rasmi, kuna watu wasomi, watu wazuri, waliniambia hivi: "Dada, nchi changa kama yetu ina haraka. Madawati hayatoshi, chaki hakuna, vitabu vimekwama. Falsafa ya watoto tuwaachie waliokwishashiba." Niliwasikiliza kwa heshima. Lakini leo nauliza mbele yenu: kwani swali linanunuliwa kwa fedha za kigeni? Kuna swali lililokwama bandarini linangoja meli? Darasa letu limetumia mkeka wa Bibi, khanga yangu na midomo ya watoto, na midomo ni mali ambayo Kariakoo haijawahi kupungukiwa. Mwenye kabati lililojaa nyumbani anaweza kukosea akachagua tena kesho. Sisi tukikosea kuchagua, hatuna cha pili. Sasa nani kati yetu anahitaji zaidi kujifunza kufikiri tangu mdogo, aliyeshiba au sisi? Kujitegemea kunaanzia mkononi tu? Kichwa nacho kitajitegemea lini?

Nimechemka. Nipeni maji. Asante, Azzan.

Sasa nafika kwenye jiwe.

Wote mlioko hapa mna jiwe, msijifanye wageni. Ikisikika sukari inaingia duka la ushirika, alfajiri watu tumeshajipanga. Lakini nani atasimama kutwa? Una kazi, una mtoto, una chungu jikoni. Unaacha jiwe lako kwenye foleni, mwenzio anaacha kopo, mwingine kandambili iliyokatika, mwingine tofali lina alama ya mkaa. Lori likiingia, watu hao mbio, kila mtu kwenye jiwe lake. Watoto ndiyo tunaowatuma kuyalinda. Basi jioni moja, khanga iko kichwani, Angelina akaniuliza: "Bibi, ile foleni ni ya watu au ni ya mawe?"

Jamani! Kitabu kizima kile hakina swali kama hilo.

Azzan alisema jiwe ni mtu, kwa sababu wote wamekubali ni mtu. Ramadhan akamwambia: kama jiwe ni mtu, anayeweka mawe matano ni watu watano? Hapo nyumba fulani ziliguswa, sitazitaja, zimekaa mstari wa pili. Azzan akawaza, akawaza, akasema, "Nakupa Kigamboni. Ila pantoni inabaki yangu." Ramadhan akauliza, "Sasa mjini kwangu nitaingiaje?" Akajibiwa, "Utaniomba vizuri." Tukarudi kwenye jiwe. Wapo waliosema jiwe halichoki na mama anachoka, kwa hiyo jiwe ni afadhali ya mtu. Wapo waliosema aliyesimama juani anaonewa na aliyeacha jiwe akalala. Na Angelina akasema neno ambalo mimi nilikwenda nalo kitandani: "Jiwe lenyewe halifanyi kitu. Ni sisi ndiyo tunafanya. Tunakumbuka la nani."

Sasa kumbukeni hilo, maana haikupita wiki mtaa ukatupa mtihani.

Siku ile ya sukari, Mama Clotilda alikuwa ameweka jiwe lake mapema, tumbo liko hapa mbele, siku zimetimia. Asubuhi uchungu ukamshika, akapelekwa hospitali. Wote tulimwona anapakiwa kwenye gari. Wote tulisema, "Mungu amsaidie." Lori likaja, foleni ikasogea, na jiwe la Mama Clotilda, linalosogezwa na huyu, linasogezwa na yule, likafika dirishani. Kaka mmoja aliyekuwa nyuma yake, jina namhifadhia maana leo amekuja na nimeona ameshika sahani ya pilau, akalipiga teke. Akasema, "Jiwe halina tumbo la kula sukari!"

Angelina alikuwa pembeni anamlindia mama yake. Akaenda, akaliokota jiwe, akalirudisha. Akasema: "Shikamoo kaka. Naomba kuuliza. Asubuhi lako lilikuwa na tumbo?"

Foleni ikaangua kicheko. Kaka akasema, "Mimi nilirudi! Mwenyewe yuko wapi?"

"Si uliona anapakiwa kwenye gari? Ulisema Mungu amsaidie."

"Mungu amsaidie. Mimi siyo Mungu."

"Kwa hiyo tukimsaidia sisi, Mungu atakasirika?"

Hapo kila mtu akatoa mdomo. Wa mbele wanasema apewe, wa nyuma wanasema sukari itaisha, mzee mmoja anasema turudi mwanzo tujue jiwe ni nini. Foleni nzima imegeuka Darasa la Maswali! Na mimi niko dukani nauza birika, sina habari. Mkuu wa duka akachungulia, akaona fujo, akasema: "Nani amewafundisha watoto kuhoji? Dirisha linafungwa mpaka mjue nani mkubwa hapa." Akalifunga. Siku ile hakuna aliyepata sukari. Hata mmoja.

Wazazi, nayakumbuka mliyoniambia jioni ile, na wala sina kinyongo. Mlikuwa na haki. "Tulikupa watoto wapate akili, umewafundisha kutunyima sukari." Mmoja mmoja mkawachukua. Mkeka ukabaki na Azzan peke yake, na Azzan naye ni kwa sababu anaishi humu. Na ujumbe ukaja kutoka ofisi ya tawi: darasa limefungwa, Severa afike kesho kwa Mwenyekiti.

Sasa, Ndugu Mwenyekiti, tulia. Wewe ni Mpare, mimi ni Mchaga wa Kilema, sisi ni watani wa jadi na nina ruhusa. Ndugu Mgeni Rasmi, Mpare mjue: atauza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani kudai kuku. Kwa hiyo niliposikia naitwa kwenye shauri na Mpare, nilijua tutakaa mpaka jioni, nikafungasha na chakula.

Nilikwenda na Bibi Badriya, na Angelina alikuja bila kuitwa. Ndugu Elisaria alikuwa amekaa kitini kwake, uso umekunjwa. Akaniambia, "Wewe Mchaga, sukari ingekuwa yako ya kuuza ungewaachia watu wapate. Nani amekupa ruhusa ya kufundisha watoto kubishana na wakubwa?"

Nikasema, "Hawabishani, Mwenyekiti, wanauliza."

"Kuuliza ni kubisha kulikovaa kanzu."

Nikaona darasa limekwisha. Ndipo Angelina akasogea. "Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Wewe ndiye?"

"Ndiyo mimi. Naomba kuuliza."

Mwenyekiti akanitazama kama anayesema umeona sasa, halafu akasema, "Uliza."

"Ukienda kwenu Same, kiti hiki anakalia nani?"

"Hakuna. Kinanisubiri."

"Mtu akija akikuta kitupu, akikaa, anakuwa mwenyekiti?"

"Athubutu!"

"Kwa nini? Si mwenyewe hupo?"

"Sipo, lakini watu wote wanajua ni cha nani. Walinichagua. Nikiwa msibani, nikiwa mgonjwa, kiti ni changu mpaka..."

Akakomea hapo. Mnaweza kumuuliza mwenyewe, huyu hapa. Alimtazama mtoto, akakitazama kiti, akamtazama mtoto. Bibi Badriya akasema taratibu, "Mwanangu Elisaria, naona umekalia jiwe."

Na sasa nataka mgeni wetu asikie vizuri, maana hapa ndipo ninapojivunia Mwenyekiti wangu kuliko kitu chochote nitakachosema leo. Mtu mzima, kiongozi, ofisini kwake, mbele ya wajumbe wawili na karani. Angeweza kupiga meza. Angeweza kusema nenda kacheze. Aliondoa miwani, akacheka mpaka machozi, akasema: "Binti, nakupa mji."

Kumbe alikuwa anapita nje ya ua wetu jioni anasikiliza! Angelina hakushtuka hata kidogo. "Mji gani?"

"Same."

"Na Mwanga?"

"Na Mwanga, chukua."

"Na Usangi?"

"Usangi hapana! Usangi yuko mama yangu!"

Siku ya sukari iliyofuata Ndugu Elisaria alikuja kwenye foleni mwenyewe, akasimama kwa miguu yake, akatangaza utaratibu ambao watoto waliujadili kwenye mkeka na tawi likaukubali: jiwe moja, mtu mmoja, na mwenye jiwe akizuiwa na dhiki, wa mbele yake na wa nyuma yake wamsemee. Na jiwe la kwanza kusemewa lilikuwa la Mama Clotilda. Na aliyesema kwa niaba ya wa nyuma, kwa sauti kubwa kuliko wote, alikuwa ni kaka yule wa teke. Ndiyo maana pilau yake leo namwachia ale kwa raha. Kaka, ulitoa mji.

Mama Clotilda, simama watu wakuone. Mnyanyue huyo mtoto. Uji wake wa uzazi ulikuwa na sukari. Na mtoto ndiyo huyo, tangu nianze kusema anauliza maswali kwa sauti, na hakuna aliyemjibu.

Basi watoto walirudi, mmoja mmoja kama walivyoondoka, na leo wa kwanza wanamaliza. Hawajamaliza kitu kinachoonekana. Sina cheti cha kuwapa. Lakini nawatazama hapo, kifua kinanijaa. Angelina, Azzan, Ramadhan, nyote: mmetoka kwenye vyumba ambamo watu saba wanageuka kwa zamu, na mmeuliza jambo ambalo mtaa mzima ulikuwa unalikanyaga kila siku bila kuliona. Yule Mdenishi nimemwandikia. Nimemwambia kitabu chako kilifika kikiwa na baridi, tumekivisha khanga.

Sasa neno la mwisho, na ndilo gumu. Hayo matofali mliyokalia, ndugu wageni, hayakuletwa kwa ajili ya sherehe. Hamud, mtoto wa Bibi Badriya, anarudi kutoka Tanga na familia yake, na ua huu utajengwa vyumba. Ni haki yake, watu walale wapi? Bibi ametuvumilia vya kutosha. Ila mafundi wakianza kazi mkeka wetu hauna pa kutandikwa, na darasa hili, mlilolifunga mkalifungua, litajifunga lenyewe. Ndugu Mgeni Rasmi, tunachoomba ni chumba kimoja pale shule ya msingi, zamu ya jioni ikishatoka, na walimu wawili watatu wanaopenda kutaniwa. Khanga nitaleta mimi. Walimu wanaume watachagua kofia. Na ukipendezwa ukataka kulipeleka hili kwingine, nakuomba usikipeleke kitabu cha Mdenishi kama kilivyo, na jiwe letu pia usilipeleke Mwanza. Mwanza waulizwe watoto wa Mwanza wanagombania nini, waanzie hapo.

Hilo jiwe mezani ni lenyewe. Ni la Mama Clotilda, alama ya mkaa hiyo hapo ubavuni. Tunajua watu wengi wanaomba vyumba kwako, na hatutaki kumruka mtu. Kwa hiyo asubuhi, kabla hujafika, watoto waliliweka hapo, mbele ya kiti chako. Tuko kwenye foleni. Wa mbele yetu ni Mwenyekiti, wa nyuma yetu ni mtaa huu wote, na wote wameahidi kutusemea. Ukituita, tutaitika.

Maana watoto hawa, Ndugu Mgeni Rasmi, mali wanayo. Wana Buguruni na soko lake. Wana Kigamboni, ingawa pantoni ina mgogoro. Wana Same na Mwanga, walizopewa na kiongozi halali mbele ya karani. Miji yote hiyo ni yao, na hawana chumba hata kimoja.

Nawashukuru nyote kwa masikio yenu. Khanga naivua, shikamooni tena. Ndugu Mgeni Rasmi, dirisha ni lako.